Miaka Hamsini Juu ya Maji

Mzaliwa wa Likoni akikwambia haijui bahari utamcheka. Nami ningemcheka, lau mtu huyo asingekuwa mimi mwenyewe.

Nimekuwa nikivuka feri tangu nikienda chuoni na juzuu ya Amma kwapani. Nimetunga mashairi ya kusi na kaskazi, ya tasi, changu na kitatange. Lakini, wasomaji wapenzi, samaki hao nilikuwa nimewaona mahali pawili tu: mnadani na sahanini. Maalim wetu hakuwa na mzaha na mtoto aliyetoroka kwenda kuogelea, basi nikakua nikiitazama bahari kwa juu.

Msimu huu wa kaskazi nikasema liwalo na liwe. Nikapanda matatu Likoni alfajiri, tukapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, hata Shimoni, mwendo wa kiasi cha kilomita 75. Ng'ambo ya mkondo kipo kisiwa cha Wasini, kwa Wavumba. Kupita hapo ni Mpunguti ya Juu na Mpunguti ya Chini, kisha Kisite, kijisiwa kisichokaliwa na mtu.

"Shikamoo, ami," akaniamkia nahodha, kijana mdogo.

"Marahaba, mwanangu. Mimi mtu wa nchi kavu, usije ukanizamisha."

Akacheka, akanivisha miwani ya maji na mrija wa kupumulia. "Ukiingiwa na hofu, ami, usikanyage. Lala juu ya maji kama uliye kitandani. Yale si mawe, ni viumbe."

Nikainamisha uso. Subhanallah! Kitatange akapita mbele ya pua yangu, manjano yake inawaka kama taa. Pono alikuwa akiguguna mwamba, na mlio wa meno yake nikausikia waziwazi. Uchafu anaoutoa huyo ni mchanga, ule ule mweupe tunaousifu ufukweni.

Maji yakaingia mrijani. Nikapaliwa, nikatapatapa, guu langu likapiga tawi la tumbawe. Likakatika.

Nahodha hakunigombeza. Tulipopanda chomboni alinieleza tu kwamba tumbawe la donge hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Nikahesabu: lililofika gotini pangu ni hirimu yangu. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe, na mengi yakafa. Ndani yake huishi viumbe vidogo vinavyoyalisha. Joto likizidi huvifukuza, yakabaki na njaa. Yaliyosalimika na yanayochipua upya, ndiyo hayo tunayoyapiga mateke sisi wageni.

"Babu yangu alivua papa hapa," akasema. "Palipotangazwa hifadhi mwaka 1973, akaambiwa basi. Alikufa na kinyongo chake. Leo mimi nala kwa kuleta watu watazame samaki ambao yeye angewavua."

"Ni haki hiyo?"

Akafikiri, mkono ukiwa kwenye usukani. "Nusu, ami."

Sikupata la kumjibu, na hadi leo sina. Kisite hapavuliwi kabisa; Mpunguti mvuvi anaruhusiwa kwa zana za asili. Samaki wakizaana huku salama, hutoka wakaingia kule kwenye mitego. Hiyo ni nusu ya haki ya babu yule. Nusu ya pili ni fedha za watalii ziwafikie watu wa Wasini na Mkwiro, wasiishie mikononi mwa matajiri wa mbali.

Nasi wa Mombasa tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya Shimoni peke yake. Tangu mwaka 1986 kuna hifadhi ya bahari mbele ya Nyali na Bamburi, nyuma ya mlango wa Kisauni. Ni watoto wangapi wa Kisauni waliowahi kutia uso majini humo? Mgeni kutoka Ujerumani anamjua kitatange wetu kuliko mwanafunzi anayesoma kilomita chache kutoka mwambani. Walimu na wazazi, miwani ya maji haigharimu zaidi ya jozi ya viatu. Wafundisheni kwanza kuelea, wasije wakavunja kama nilivyovunja mimi.

Niliporudi Likoni nilitoa shairi langu la zamani. Ubeti wa tatu nilikuwa nimemsifu kitatange kwa rangi ya majivu. Ndivyo nilivyomwona mnadani, amekwisha kufa. Ubeti huo nimeufuta.