Mvinyo wa Pauillac na subira ya familia ya Cazes

Mgeni anayeingia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Doha, lililofunguliwa mwaka 2008 juu ya kisiwa kilichotengenezwa na binadamu, huwa anatazama kazi ya I. M. Pei, msanifu majengo mzaliwa wa China aliyepata umaarufu Marekani na kufariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 102. Ghorofani mlifunguliwa mwaka 2012 mkahawa wa mpishi Mfaransa Alain Ducasse. Mapishi ni ya Kifaransa, lakini mezani hapawekwi mvinyo, jambo ambalo kwa Mfaransa ni kama ugali usio na mboga.

Mwana wa msanifu huyo, Chien Chung Pei, ndiye aliyechora ghala jipya la mvinyo la Lynch-Bages, shamba la familia ya Cazes lililoko Pauillac, kusini magharibi mwa Ufaransa. Ujenzi ulianza mwaka 2017. Ndani yake zabibu na maji yake hushuka kwa uzito wake zenyewe, bila kusukumwa na pampu.

Uangalifu huo wote ni kwa ajili ya kinywaji ambacho pengine hakitafunguliwa kabla ya miaka kumi, ishirini au hata thelathini kupita.

Siri imo katika ganda la zabibu. Shamba hilo, lenye ukubwa wa karibu hekta 100, limepandwa zaidi Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene inayopenda udongo wa changarawe. Ganda hilo lina tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, mfano wa ule anaouhisi mtu aliyeuma ndizi mbichi au bibo. Mvinyo mchanga wa aina hii hukaza ulimi na haumpendezi kila mtu. Baada ya kulazwa katika mapipa ya mwaloni na kisha kutiwa chupani, chembe za tanini huanza kuungana, ukakasi hulainika, rangi ya zambarau hugeuka taratibu kuwa ya tofali, na mashapo hutuama chini. Uchachu wa zabibu husaidia kuuhifadhi mvinyo katika safari hiyo ndefu.

Sehemu kubwa ya mvinyo unaotengenezwa duniani haikukusudiwa subira ya namna hiyo. Ule wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida hunywewa ungali mchanga.

Jina la Lynch lilitoka Galway, Ireland, kwa ukoo ulioimiliki ardhi hiyo katika karne ya 18. Mwaka 1855, mvinyo wa Bordeaux ulipopangwa kwa madaraja, shamba hili liliwekwa katika daraja la tano, la mwisho kabisa. Jean-Charles Cazes alilikodi katika miaka ya 1930, wakati mvinyo ulikuwa hauna bei, akalinunua mwaka 1939. Alisifika kwa kuchelewa kuvuna ili zabibu ziive barabara, kamari ambayo mvua ya siku moja ingeweza kuiharibu.

Mjukuu wake, Jean-Michel, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM mjini Paris, alirejea Pauillac mwaka 1973. Hakuchagua wakati mzuri. Bei za Bordeaux zilikuwa zimepandishwa na walanguzi, ikazuka kashfa ya mvinyo uliochanganywa, kisha ikaja vita ya Oktoba. Nchi za Kiarabu, Qatar ikiwa miongoni mwao, zilipunguza mafuta, na bei yake ikapanda takriban mara nne. Mtikisiko ule ule ulioitajirisha Doha uliwaacha wakulima wa Bordeaux na maghala yaliyojaa chupa zisizo na mnunuzi. Familia ya Cazes ilivumilia. Jean-Michel alifariki mwaka 2023, na mwanawe, Jean-Charles, alikuwa ameshika usukani tangu 2006.

Yapo makutano mengine yasiyotarajiwa. Juni 1985 mwanaanga Mfaransa Patrick Baudry alipaa na chombo cha Discovery akiwa na nusu chupa ya Lynch-Bages ya mwaka 1975. Aliyesafiri naye ni Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Muislamu wa kwanza kufika angani.

Mvinyo kama huu hutaka giza na nyuzi joto 12 hadi 14. Doha, ambako kiangazi hupita nyuzi 40, chupa iliyoachwa bandarini huweza kuharibika kwa siku chache. Sheria nayo ni kali kama jua. Msafiri haruhusiwi kuingia nchini na kileo. Muagizaji ni kampuni iliyo chini ya Qatar Airways. Na tangu Januari 2019 kuna ushuru wa asilimia 100. Hoteli zenye leseni huuza, lakini anayekutwa amelewa hadharani anakabiliwa na kifungo au faini, na mgeni anaweza kufukuzwa nchini.

Katika hoteli hizo wamo wahudumu wengi kutoka Kenya na Uganda. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya chakula na malazi. Lynch-Bages ya mwaka mzuri huuzwa Ulaya kwa zaidi ya euro 100, kama riyali 400, kabla ya ushuru wa Doha. Mhudumu anayeifungua chupa kuukuu ya namna hiyo hutakiwa kuisimamisha mapema ili mashapo yatuame, kuking'oa kizibo kilicholegea bila kukivunja, na kuumimina mvinyo polepole mbele ya mwanga, akikoma pale tu weusi unapofika shingoni mwa chupa. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa ilhali dini yao haiwaruhusu kuonja hata tone.