Picha ikibanwa mno, nukta hupotea

Kamera nyingi za dijitali zina menyu ya ubora wa picha ambayo wenyewe huigusa siku ya kuinunua tu, na wengine hawaigusi kabisa. Menyu hiyo ndiyo huamua ni kiasi gani cha picha kitakachobaki baada ya kubonyeza. Jambo hili si la mafundi peke yao. Sisi watu wa Pwani tuna mengi ambayo yakipigwa vibaya leo, kesho hayapo: harusi, wazee wetu, milango ya nakshi ya Lamu, na barua na tenzi za mababu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kubana picha ni nini? Kamera ya pikseli milioni 24, ikihifadhi rangi zote tatu za kila pikseli bila kubana, faili moja ingefika megabaiti 72. Ndipo kamera huibana kwa mtindo wa JPEG, uliowekwa mwaka 1992. Picha hugawanywa vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na katika kila kipande hutupwa kile ambacho jicho halikitambui kwa urahisi, hasa tofauti ndogo za rangi na mistari myembamba. Kilichotupwa hakirudi. Programu inayodai kukirudisha inakisia tu.

Kwenye kamera za Nikon utaona "Fine", "Normal" na "Basic". Canon hutumia alama: robo duara laini ni ubora wa juu, yenye ngazi ni picha iliyobanwa zaidi. Kwa kamera hiyo ya pikseli milioni 24, "Fine" hutoa faili ya takriban megabaiti 12, "Normal" 6, na "Basic" 3. Usichanganye ubora huu na zile herufi L, M na S, ambazo ni za ukubwa, yaani idadi ya pikseli. Unaweza kuweka L ukadhani umemaliza, kumbe ubora uko "Basic".

Sasa piga hesabu. Kadi ya gigabaiti 32 huingiza picha zaidi ya 2,500 za "Fine". Harusi ya siku mbili, kuanzia kupaka hina hadi kutoa bibi harusi, haiijazi kwa urahisi. Basi unabania nini?

Hasara huonekana zaidi kwenye maandishi. Ba, ta na tha zina umbo moja; kinachozitenganisha ni nukta. Kando ya wino mweusi juu ya karatasi nyeupe ndipo JPEG iliyobanwa mno huleta ukungu na vijidoa. Nukta ikimezwa, au kijidoa kikaonekana kama nukta, neno limebadilika. Fikiria wosia au waraka wa shamba la ukoo usomwe hivyo, na karatasi yenyewe imeshaliwa na mchwa.

Kwa kazi kama hiyo, na kwa ukumbi wenye giza na taa za rangi, tumia RAW ikiwa kamera inayo. Hiyo huhifadhi karibu yote yaliyonaswa na kioo cha kamera, hata nyuzi za buibui jeusi na darizi ya kanzu nyeupe unaweza kuziokoa baadaye. Gharama yake ni faili takriban maradufu ya "Fine", na lazima uisafishe kwenye kompyuta kabla ya kumpa mtu. Kwa picha za kawaida, L pamoja na "Fine" yatosha. Nafasi ikibana kabisa, shuka hadi "Normal" na ukomee hapo.

Baada ya kupiga, tunza ile ya asili. Kuinakili faili hakuipunguzii chochote, lakini kila ukiihariri na kuihifadhi tena kama JPEG inabanwa upya. Hariri nakala. WhatsApp nayo huzibana picha inapozituma, kwa hivyo ukitaka ifike kamili, itume kama dokumenti. Na picha ya marehemu iliyokuja kwa kundi la familia usiichukulie kuwa ndiyo ya asili. Muombe aliyeipiga akupe faili yenyewe kabla hajaifuta kwenye simu au kadi yake.

Leo jioni fungua menyu ya kamera yako utazame imewekwa wapi. Ni kazi ya dakika moja.