Ukishikwa, Nani Atalipa Kodi?

Sema ukweli: mchumba wako mlikutana wapi? Huenda ni kwenye maandamano ya Juni 2024. Au ni kwenye baraza la maskwota huku Ganda, mkajikuta mnatetea shamba lilelile. Sasa mnaongea ndoa. Poa sana! Lakini kabla ya kupeleka mnazi kwa wakwe, soma hii ya Emma na Pio.

Pio Gama Pinto alikuwa mwanahabari Mkenya mwenye asili ya Goa, aliyewasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Alimwoa Emma Januari 1954. Miezi mitano baadaye, serikali ya kikoloni ikamshika na kumfunga bila kesi. Alipelekwa wapi? Huku huku Pwani: kisiwa cha Manda, Lamu. Fungate yenyewe ndiyo hiyo.

Emma hakuondoka. Alifanya kazi, akajikimu na kungoja. Pio alipohamishiwa Kabarnet, bado chini ya amri ya serikali, alimfuata huko. Uhuru wake ulikuja 1959.

Je, alitulia? Wapi! Alisaidia kuanzisha kampuni iliyochapisha gazeti la Sauti ya Mwafrika, akaingia Bungeni 1964, akaendelea kuwatetea wasio na ardhi. Februari 24, 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37.

Emma akabaki na wasichana watatu. Mwaka huohuo alisafiri hadi Chile kupokea tuzo ya wanahabari kwa niaba ya mumewe. Mwaka 1967 alihamia Kanada na watoto, akaishi huko hadi alipofariki 2020.

Jina la Pio liko kwenye vitabu. La Emma wangapi wanalijua? Na bila mshahara na subira yake, mapambano ya nyumba ile yangesimama kwa nini?

Basi kaeni chini nyinyi wawili, muulizane: mmoja akishikwa, nani atalipa kodi? Nani atabaki na watoto? Nani atakimbia kituoni usiku? Na mwaka ujao, tutabadilishana zamu?

Kama kila jibu ni "mke", basi haki mnayoidai barabarani imeishia mlangoni kwenu. Ongeeni sasa, mapema, kabla ya mnazi kunywewa.