Omeprazoli na figo: hofu ya 2016, jibu la 2019

Ingia duka la dawa mtaani, sema tumbo linawaka moto, na huenda ukatoka na omeprazoli kabla hujaulizwa umeanza kuumwa lini. Si dawa mbaya. Tangu ilipoanza kuuzwa Sweden mwaka 1988, imewaepusha wengi na kisu cha daktari, kwa sababu zamani vidonda vya tumbo vilivyokaidi vilikuwa vikitibiwa kwa upasuaji. Dawa hii huzifunga pampu ndogo ndogo zilizo kwenye ukuta wa tumbo, zile zinazomwaga tindikali, na kidonda kikapata nafasi ya kupona. Tatizo ni muda. Dozi iliyokusudiwa wiki nne au nane hugeuka ya miaka, na mmezaji mwenyewe hakumbuki tena nani alimwanzishia.

Kwa watu wa namna hiyo, habari za mwaka 2016 zilikuwa za kutisha. Watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la JAMA Internal Medicine matokeo ya kuwafuatilia watu 10,482 kwa wastani wa karibu miaka 14. Mwanzoni figo zao zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Baadaye ilionekana kwamba waliotumia omeprazoli na dawa za ukoo wake walipata ugonjwa sugu wa figo zaidi ya wasiotumia, na hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 20 hadi 50 kutegemea namna ya kupiga hesabu. Kundi la pili, la wagonjwa 248,751 waliotibiwa katika hospitali za Pennsylvania, lilionyesha mwelekeo ule ule. Tena waliomeza mara mbili kwa siku walikuwa na hatari kubwa kuliko waliomeza mara moja.

Asilimia 50 inasikika kama hukumu, kwa hiyo tuishushe kwenye idadi ya watu. Kwa makadirio ya watafiti wenyewe, kati ya watumiaji 100, karibu 12 walipata ugonjwa wa figo ndani ya miaka kumi. Wasingetumia dawa, wangetarajiwa kuwa wanane au tisa. Nyongeza ni watu watatu hivi kwa kila mia. Si jambo la kupuuza, lakini ni mbali na picha ya dawa inayomaliza figo za kila anayeigusa.

Na je, hao watatu walidhuriwa na dawa? Fikiria ni nani anayemeza omeprazoli mwaka baada ya mwaka. Mara nyingi ni mtu mwenye uzito mkubwa, mwenye presha au kisukari, anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo au diklofenaki kwa ajili ya mgongo. Presha, kisukari na diklofenaki huumiza figo bila msaada wa omeprazoli. Watafiti walijitahidi kuziondoa athari hizo kwa hesabu, na wakawalinganisha pia na watumiaji wa dawa za tindikali za aina nyingine. Tofauti bado ilibaki. Hata hivyo hesabu husahihisha kile tu kilichoandikwa kwenye faili. Vidonge vya maumivu alivyojinunulia mgonjwa dukani havimo.

Njia ya kutoka hapo ni kura. Unawachukua wagonjwa wanaofanana, bahati iamue nani apewe dawa na nani apewe kidonge kisicho na kitu, na asijue mgonjwa wala daktari wake. Jaribio kubwa la aina hiyo, liitwalo COMPASS, lilikuwa na wagonjwa 17,598 wa moyo na mishipa ya damu katika nchi 33. Baadhi walipewa pantoprazoli, ndugu wa omeprazoli, wengine kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2019: waliopata ugonjwa sugu wa figo walikuwa karibu wawili kwa kila mia katika makundi yote mawili, na tofauti ndogo iliyokuwapo ingeweza kuletwa na bahati tu.

Kilichojitokeza wazi ni kitu kingine: maambukizi ya utumbo yaliwapata asilimia 1.4 ya waliomeza pantoprazoli, dhidi ya 1.0 ya wenzao. Inaeleweka, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoua vijidudu vingi tunavyovimeza na maji na chakula. Kwa maoni yangu, kwetu sisi ambao kipindupindu hurudi na mvua, hiyo ndiyo taarifa iliyostahili vichwa vya habari, ikapita kimya.

Miaka mitatu si kumi na minne, na COMPASS haikuundwa hasa kuchunguza figo. Hatari ndogo ya muda mrefu haijafutika. Ila kuna dhara moja la figo lisilobishaniwa: mwili wa mtu mmoja mmoja huikataa dawa, na nyama ya figo ikavimba ghafla. Linajulikana tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Utafiti wa New Zealand uliotoka mwaka 2014 ulikuta visa karibu 12 kwa mwaka kwa kila watumiaji 100,000, wazee wakiongoza. Homa na upele huenda visionekane kabisa. Mgonjwa huchoka tu na kukosa hamu ya kula, na anayefichua ni kipimo cha damu cha kreatinini. Dawa ikiachishwa mapema, figo nyingi hurudi katika hali nzuri.

Ajabu ni kwamba anayeogopa omeprazoli mara nyingi ana diklofenaki au ibuprofeni mfukoni. Dawa hizi huzuia prostaglandini, kemikali inayotengeneza maumivu, lakini pia inayolinda ukuta wa tumbo na kuipanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa hiyo zinatoboa huku na kubana kule, hasa kwa mzee, mwenye presha, au mtu aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha. Kisha mtu huyo huongezewa omeprazoli ya kutuliza kidonda, na diklofenaki inaendelea.

Kuikatiza omeprazoli kwa hofu pia kuna gharama. Huko Denmark, watu wazima 120 wasio na ugonjwa wowote wa tumbo walihusika katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Waliopewa dawa ya ukoo huu kwa wiki nane na kuiacha, asilimia 44 walianza kusumbuliwa na kiungulia na shida nyingine za tindikali. Waliopewa kidonge kitupu muda wote walikuwa asilimia 15. Tumbo lililozuiwa huachiliwa likiwa na tindikali ya ziada, ndiyo sababu madaktari wengi hupunguza dozi kidogo kidogo. Aliyewahi kutokwa damu tumboni, au anayelazimika kutumia aspirini na ana historia ya vidonda, huenda asiambiwe aache kabisa.

Wengine wana njia fupi zaidi ya kuachana na omeprazoli: kutibu chanzo cha kidonda. Vidonda vingi husababishwa na bakteria wa Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao huonekana kwa kipimo cha choo, na kwa kawaida hutibiwa kwa antibiotiki na omeprazoli kwa siku 14. Kama tayari unaimeza, mwambie daktari kabla ya kupimwa: inapaswa kusimamishwa wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna bakteria ilhali unao.