Fahamu: Ayurveda na mizani ya mwili

Ni nini?
Ayurveda ni elimu ya tiba ya Bara Hindi, ya zaidi ya miaka 2,000, ifundishayo kuwa afya ni mizani ya nguvu tatu, vata (upepo), pitta (moto) na kapha (maji na ardhi), na kwamba maradhi huzuka mojawapo inapozidi.

Inatuhusuje?
Tiba ya pwani yetu, iliyorithi elimu ya Kiyunani kupitia kwa Waarabu, nayo hupima hari, baridi, yabisi na rutuba. Ndiyo maana aliyeingiwa na baridi aghalabu hupewa tangawizi, yenye hari.

Sheria yasemaje?
Nchini Tanzania, kuanzia Mbinga hadi Mbamba Bay, waganga husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Tahadhari
Baadhi ya dawa za Ayurveda zimekutwa na zebaki na madini ya risasi; basi mgonjwa asiache dawa za hospitali pasipo shauri la daktari.