MWANGWI NA KIPIMO CHA MAMA MJAMZITO



Baadhi ya akina mama wajawazito wanakataa kipimo cha altrasaundi kwa sababu wameambiwa kuwa mashine hiyo huchoma mtoto tumboni. Habari hizo si za kweli. Mashine hiyo hutumia mwangwi, jambo ambalo sote tunalijua tangu utotoni.

Mwangwi ni nini?
Ni sauti iliyogonga kitu ikarudi. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ukipiga ukelele mita 170 kutoka kwenye jabali kubwa, sauti yako itakurudia baada ya sekunde 1. Basi anayejua muda hujua na umbali.

Nani hutumia mwangwi?
1. Popo wanaokula wadudu. Hutoa sauti nyembamba tusiyoisikia, na mwangwi huwaonyesha mdudu alipo hata gizani.
2. Meli zenye mashine ya kupimia kina. Baharini sauti huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya nusu sekunde, kina ni mita 375.
3. Hospitali. Mama hulala chali, hupakwa jeli tumboni, kisha mhudumu hupitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kifaa hutoa sauti isiyosikika na kupokea mwangwi wake, nao hugeuzwa kuwa picha. Hakuna sindano, wala mionzi kama ya eksirei.

Kina faida gani?
Huonyesha mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, au kondo la nyuma lililoziba njia ya mtoto. Hilo la mwisho huweza kuleta damu nyingi. Kutoka Diaca hadi Mueda ni safari ya gari. Ni heri kujua mapema kuliko kutafuta gari usiku damu ikitoka.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24.

Kumbukeni:
- Kipimo hiki hakitibu. Mama aendelee kuhudhuria kliniki.
- Mjamzito akitokwa na damu asingoje kipimo. Apelekwe kwa mganga mara moja.
- Akina baba, msiwazuie wake zenu. Wasindikizeni.

Mwenye swali amwone mhudumu wa afya.