Samaki wa Tangi Kuvimba Tumbo: Kutambua na Kutibu



Sisi tulio ughaibuni tukiingia duka la samaki wa mapambo tunakutana na wa kwetu: samaki wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wanauzwa kwa bei ya kuruka. Mimi hapa London nafuga mbuna, jina walilotoa Watonga wa Malawi kwa samaki wa miambani. Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: samaki wangu kavimba tumbo, nimpe dawa gani? Basi, kabla ya dawa, tazama kwanza. Tumbo kubwa si ugonjwa, ni dalili. Angalia hamu ya kula, kinyesi na magamba.

1. Anakula na anachangamka. Huenda ni jike mwenye mayai, au kashiba tu. Mwache. Na jike wa mbuna akiacha kula huku kidevu kimetuna, si mgonjwa huyo: anaatamia mayai mdomoni.

2. Kafunga choo. Kinyesi hakitoki au kinaning'inia, lakini chakula bado anakitaka. Usimlishe siku 2 au 3, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda.

3. Uvimbe wa Malawi. Huu ndio unaoua. Samaki anatia chakula mdomoni anakitema, halafu anaacha kula kabisa, anajitenga, anahema mbiombio, kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Tumbo huvimba mwishoni, na likishavimba mara nyingi umechelewa. Kwa hiyo dalili ya kushika ni ile ya kutema chakula.

4. Magamba yamesimama, ukimtazama kutoka juu anafanana na tunda la msonobari. Samaki wa maji baridi huingiwa na maji mwilini saa zote, na figo ndizo zinazoyatoa. Figo zikishindwa, maji yanabaki ndani. Wengi hawaponi.

Sasa tiba. Mhamishie mgonjwa tangi la peke yake. Pima maji ya tangi kubwa: amonia na nitriti ziwe sifuri. Badilisha nusu ya maji, na maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Kwa uvimbe wa Malawi dawa inayotumika sana ni metronidazole, ile ile tunayoijua nyumbani kwa jina la Flagyl. Kipimo cha kawaida ni miligramu 250 kwa lita 40 za maji, kila siku kwa siku 5 hivi, ukibadilisha robo ya maji kabla ya kila dozi. Ondoa mkaa kwenye chujio, la sivyo utainyonya dawa yote. Kama bado anakula, dawa ndani ya chakula inafanya kazi vizuri zaidi. Hapa Uingereza haiuzwi bila cheti, kwa hiyo mwone daktari wa wanyama. Kwa aliyefunga choo au aliyejaa maji, chumvi ya Epsom kijiko 1 cha chai kwa lita 20 husaidia kupunguza uvimbe. Chumvi ya mezani haifanyi kazi hiyo.

Chanzo cha uvimbe wa Malawi wataalamu bado wanabishania. Wengi wanataja vijidudu vya protozoa ambavyo hata samaki mzima anaweza kuwa navyo tumboni, vikazaliana anapodhoofika. Kinachomdhoofisha ni maji machafu, ugomvi wa tangini na chakula kisichomfaa. Mbuna wengi wana utumbo mrefu, maana kule ziwani hukwangua mwani kwenye mawe. Ukimlisha moyo wa ng'ombe kila siku unamtafutia maradhi. Mpe chakula cha mwani, kidogo kidogo, na badilisha maji kila wiki.

Samaki mmoja akioza huoza wote, walisema wazee. Kwenye tangi, ndugu zangu, hiyo si methali tena. Akianza mmoja kutema chakula, watazame wote siku hiyo hiyo.